Fimbo ya Mashoto

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ukiuona mwandiko huu utatamani kuutia jikoni kabla hujafika mstari wa pili, lakini vumilia kidogo. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Huku sote wazima, wifi yako anakusalimu, na mimi nimeingia kwenye mashindano makubwa ya Aprili ya puli, mchezo wetu wa meza, yale yanayoonyeshwa kwenye televisheni.

Shida ni fimbo ya Baba. Kwanza mpira mweupe hausimami. Watu wananiita Sumaku kwa sababu nikipiga, mpira mweupe unakwenda kukaa pale pale nilipouagiza, lakini tangu nihamie mji huu unapitiliza. Nauagiza usimame, unatembea. Pili, nikipiga kwa nguvu, pale kwenye maungio ya katikati panalia "tak". Hewa ya huku ina unyevu, hata shati lililofuliwa linamaliza siku mbili kwenye kamba. Nilimpelekea fundi mmoja, akaifungua, akaona hesi, ile skrubu ya kuunganishia, Baba aliichonga kwa mti badala ya chuma, akacheka. Alitaka kutoboa atie bomba la chuma. Nikamnyang'anya.

Hakuna anayeijua fimbo hii ndani na nje isipokuwa wewe. Niambie niitunzeje. Yaliyopita tuyasahau, dada, damu ni nzito kuliko maji.

Mdogo wako,
Sumaku


12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako sikuitia jikoni. Niliiweka juu ya mashine ya Baba ya kukereza, nikaitazama kutwa nzima huku nafanya kazi.

Hayo yaliyopita unayotaka tuyasahau, ngoja nikukumbushe ni yapi, usije ukasahau yasiyo yenyewe. Baba alikuwa kitandani hospitalini na mimi ndiye niliyekuwa namlaza na kumwamsha. Ukaja mpaka mlango wa wodi ukaniomba fimbo yangu uichezee mchujo, siku moja tu, maana mimi nisingeweza kutoka na nafasi ingepotea. Nafasi ilikuwa yangu. Ukashinda, ukapanda gari, ukatokomea. Ulirudi siku ya mazishi, fimbo ikiwa begani, na ukaondoka nayo ikiwa begani.

Hayo ningeweza kuyameza kwa maji. Lakini mwaka jana nilikuwa napiga randa kiti cha mteja, redio inaongea, nikakusikia ukisema kwamba Baba aliichonga fimbo ile kwa kipimo cha mkono wako. Kwamba pale palipobonyea kwenye kitako ni pahali pa dole gumba lako. Na kile kitone alichokichoma kwa msumari wa moto, ambacho kila fundi wa fimbo hukiweka kitazame juu, eti kwako wewe Baba alikiweka kitazame chini, iwe siri yenu wawili. Nilizima redio. Mteja akauliza kulikoni, nikamwambia betri zimekwisha.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Ila fimbo haikunikosea kitu, kwa hiyo nakujibu.

Mpira hausimami kwa sababu unaishika fimbo juu chini. Mti wa mbele una mpindo mdogo ambao Baba aliuacha makusudi. Kitone kikitazama juu, ncha inainama kidogo, inauma mpira kwa chini, nao unasimama. Wewe umeigeuza ili dole lako la kulia lipate pa kulala, sasa ncha inatazama dari. Huko mlikokuwa mwanzo, kwenye ukavu, uliweza kuubembeleza. Kwenye unyevu mpindo umeongezeka na mpira unakimbia. Igeuze. Dole litakosa pa kulala na utaona tabu. Vumilia, pale hapakuchongwa kwa ajili yako.

Mlio unatokana na ile hesi ya mti. Imevimba. Usiipake mafuta ya aina yoyote. Ipake nta ya mshumaa, ikaze, halafu irudishe nyuma robo ya mzunguko. Utaihisi imelegea. Iache hivyo hivyo, mti upate pa kuvimbia.

Ncha ya ngozi usiibadilishe. Ni ngumu kwa sababu Baba aliibana kwenye jiliwa mpaka ikawa hivyo. Na msasa usiukaribishe kabisa. Mti ukinata mkononi, ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha usugue kwa kipande cha ngozi mpaka upate joto.

Dada yako,
Mashoto


20 Februari

Dada,

Shikamoo na asante sana. Nilijua moyo wako hauna kutu. Nimefanya yote uliyosema, neno kwa neno.

Ule mlio umekwisha kabisa. Maungio yamekaza, hata mimi mwenyewe kuyafungua siku hizi lazima nizungushie kitambaa na kukunja uso. Na mti wa mbele ulivyokuwa laini, unateleza kwenye vidole kama sabuni. Ila mpira mweupe bado unatembea. Huo mpindo ulioutaja, hakuna namna ya kuuondoa moja kwa moja? Nikiukandamiza kidogo?

Unakumbuka uliponiambia chaki ya bluu ni peremende? Nililamba kipande kizima. Meno yakawa bluu, Baba akacheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Tangu siku ile ushauri wako huwa naupima mara mbili kabla ya kuutia mdomoni. Natania.

Kampuni moja ya soda imebandika picha yangu barabarani, nimeshika fimbo, dole likiwa pale pale. Ungeiona ungefurahi.

Mdogo wako,
Sumaku


25 Februari

Wifi yangu,

Habari za huko? Naandika hii juu ya meza ya cherehani, katikati ya magauni mawili ya watu, kwa hiyo nisamehe uzi ukiidondokea.

Mdogo wako huyu anakudanganya. Barua yako aliisoma kwa sauti hapa sebuleni, na kila ulipomwambia afanye hivi alicheka akafanya vile. Akafika pale pa kulegeza robo ya mzunguko akasema, "Unamwona dada? Anataka nicheze fainali na fimbo inayocheza kama jino bovu." Akaja kuchukua kichupa changu cha mafuta ya cherehani, akailowesha ile hesi, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ulimkataza msasa, akasema hapo ndipo penye dawa, akaupiga mti msasa asubuhi nzima mbele ya mlango. Kitone bado kinatazama chini. Nilimwambia, mume wangu, dada yako anaijua fimbo hiyo, angalau jaribu kitu kimoja. Akaniambia wewe ulishamlisha chaki.

Nimefikiri jambo moja, wifi, nalo ni dogo. Mwandikie kinyume. Mwambie akaze, atie mafuta, abadilishe ncha, aipige msasa. Kwa ubishi wake atafanya sawa yote, na fimbo ya marehemu itapona. Mimi nisingependa ife mikononi mwa mtu wangu.

Nisalimie mashine.

Wifi yako,
Wa cherehani


3 Machi

Wifi,

Asante kwa kunifungua macho. Mtu wa kunieleza ukweli kutoka nyumba hiyo sikumtegemea.

Shauri lako limenikalia kooni siku kadhaa. Ni shauri zuri. Nikimwandikia uongo, atafanya sawa, fimbo itapona. Halafu atashinda nayo. Halafu atasimama mbele ya kamera na kuwaambia watu Baba alimchongea yeye. Mimi nitakuwa hapa, na randa mkononi, nikisikiliza jinsi nilivyomsaidia. Pima mwenyewe.

Fimbo ile Baba aliichonga mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Alinishika mkono wa kushoto, akanipaka masizi ya jiko kwenye dole gumba, akaniambia nibonyeze kwenye mti, akachonga pale palipochafuka. Huyo mdogo wangu alikuwepo, kakaa juu ya boksi. Anajua. Ndiyo maana hawezi kuniamini, wifi: mtu aliyekuibia anadhani na wewe siku zote unatafuta nafasi ya kumwibia.

Sitamdanganya. Nitamwandikia ukweli, wote, bila kuficha hata punje. Akitaka kuokoka, njia anayo: aniamini mara moja tu. Wala usimwambie kwamba najua.

Wifi yako,
Mashoto


3 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia umefanya yote neno kwa neno.

Mpindo usiukandamize. Samaki mkunje angali mbichi, na mti ule ulikauka kabla wewe hujaota meno. Ukiuwekea uzito utanyooka kwa muda, lakini utakuwa umevunjika ndani na hutaona kitu kwa macho. Mvuke wa birika ndio kabisa usiujaribu.

Kama kuna mtu aliyeipaka hesi mafuta, najua si wewe, wewe si mjinga, aifungue leo hii, aikaushe kwa kitambaa, aifunge kwenye karatasi kavu na kuiacha fimbo imefunguliwa mpaka karatasi isilowe tena. Mafuta yanaingia kwenye mti taratibu na kuuvimbisha kutoka ndani. Kilichovimba kikikazwa, kinatafuta pa kutokea, na kitatokea siku ya pigo kubwa, lile la kufungulia mchezo.

Narudia, ncha usiibadilishe. Ukiweka laini, fimbo itabadilika tabia na hutaijua.

Nimekwambia kila ninachokijua. Sina kingine.

Dada yako,
Mashoto


18 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika na imefanya kazi yake.

Fimbo sasa imenyooka kama rula. Nimeiviringisha juu ya meza haichezi hata kidogo. Nimepata na ncha mpya ya kisasa, laini, mpira unaitii kwa namna yake, bado tunazoeana. Usiulize nimefanyaje. Kila fundi ana siri zake, na mimi ni mtoto wa fundi.

Nimepita raundi mbili za awali za mwezi huu, moja kwa jasho. Nikivuka na hii ya tatu nitakuwa nusu fainali, na ninayemtarajia huko ni jamaa mmoja mashoto kama wewe, mrefu, mpole. Nikimtazama anavyoinama mezani nakukumbuka, tulipokuwa tunasogeza viti ili tupate nafasi ya kupigia kwenye ile meza iliyochanika kitambaa. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika fimbo. Hilo sijalikana popote.

Washa televisheni, dada. Nikishinda nitakutaja. Nitasema nina dada fundi.

Mdogo wako,
Sumaku


11 Aprili

Wifi,

Sijui kama uliwasha televisheni. Kama hukuwasha, nakueleza, kwa sababu nilikuwa kiti cha mbele, nimevaa gauni nililolishona mwenyewe kwa ajili ya sherehe.

Mdogo wako alivuka raundi ya tatu kwa bahati ya mwenzake kukosea. Nusu fainali ikaanza, yeye ndiye wa kufungua. Mtangazaji alikuwa amemaliza tu kusimulia ile hadithi ya Baba na siri ya kitone, na kamera ikasogea mpaka kwenye dole gumba. Akainama, akavuta mkono, akapiga. Sauti ile haikuwa "tak". Ilikuwa kama mtu amepasua kuni. Mti wa mbele ulipasuka kuanzia kwenye maungio, ukafunguka vipande viwili vilivyoshikana kwa nyuzi, na kile kitako kikamtoka mkononi, kikaviringika chini ya meza mpaka miguuni kwa mpinzani wake, yule mrefu.

Yule mrefu akainama kukiokota, kiungwana tu, ampe mwenzake. Akakiokota kwa mkono wake, ule wa kushoto. Nikamwona anasimama. Akatazama chini, akasogeza dole, akatazama tena. Kitone kilikuwa juu. Mwamuzi alikuwa karibu na kipaza sauti chake kifuani, kwa hiyo ukumbi mzima ukamsikia akisema, polepole, wala hakuwa na ubaya, "Lakini hii imechongwa kwa mtu wa mashoto."

Mtangazaji akamuuliza mdogo wako, "Sumaku, hii fimbo ni ya nani?" Akakichukua kitako kwa yule mrefu, akakitia kwenye mkoba wa fimbo.

Alimalizia pambano kwa fimbo ya klabu, moja ya zile zinazosimama ukutani na ncha zimefumuka kama mswaki wa zamani. Hakupata hata mchezo mmoja. Nyumbani akaniuliza kama nilikuwa nakuandikia, nikamwambia ndiyo, na kwamba ulijua.

Wifi, sikulaumu. Lakini nililia nilipoona ule mti, na mimi si wa ukoo.

Wa cherehani


14 Aprili

Dada,

Ulijua. Mke wangu kaniambia. Ulijua nafanya kinyume, ukaendelea kuniandikia ukweli ili niharibu. Umekaa huko na kalamu yako ukaniua kwa ushauri mzuri. Mafundi huua hivyo?

Ungeniandikia uongo mara moja tu ningepona. Dada gani anashindwa kumdanganya mdogo wake ili amwokoe? Nilipokuwa mtoto hukushindwa. Chaki ilikuwa peremende.

Picha ya barabarani wameibandua. Wachezaji wananiuliza dada yangu anaendeleaje, wote wamejua nina dada sasa, na wanacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Redioni wamenialika tena. Sijajibu.

Nakutumia vipande. Kitako ni kizima, mti wa mbele umekwisha. Wewe peke yako ndiye unayeweza kuchonga mwingine wa kuingia kwenye hesi ile. Msimu mpya unaanza Julai. Baba asingekubali fimbo yake ibaki hivi, na wewe unalijua hilo. Mimi na wewe tuyamalize baadaye, ila fimbo nitengenezee.

Sumaku


27 Aprili

Mdogo wangu,

Vipande vimefika. Niliufungua mzigo juu ya mashine ya kukereza, mlango nimeufunga, mteja anabisha nje.

Mti wa mbele niliushika mkononi muda mrefu. Ulikuwa unanuka mafuta ya cherehani. Umeupiga msasa mpaka zile alama za meno ya kifaa cha Baba zimefutika, na ndani, pale ulipoukandamiza, nyuzi zilikuwa zimekatika kitambo, kama nilivyokuandikia. Nililia. Sikukulilia wewe. Niliulilia mti, na nikajililia mimi, kwa sababu unasema kweli: neno moja la uongo lingeuokoa, wifi yangu alinipa neno hilo mkononi, nami nikaliweka chini. Nilipima fimbo na kisasi, nikachagua. Usiku nikilala nalijua hilo, na nitazeeka nalo.

Lakini usinichanganyie hesabu. Niliandika kwamba usitie mafuta, ukatia. Niliandika legeza, ukakaza. Kukudanganya ili upone ingekuwa kazi ya mtu anayekupenda kuliko anavyokumbuka, na mimi nakumbuka vizuri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe una bahati, guu lako bado zima.

Kitako nimekifuta. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kavu, kisha ngozi. Nikakishika kwa mkono wa kushoto, kitone juu. Dole limenenepa tangu siku ile ya masizi, nikadhani halitaingia. Limeingia.

Mti mpya nimeshauchonga. Si mzuri kama wa Baba. Mpindo nimeukisia tu, na kwenye hesi nilikosea mara mbili kabla haujakubali. Nta ya mshumaa, robo ya mzunguko nyuma. Jumamosi nilikwenda klabu na kuandikisha jina kwenye mchujo wa Julai. Yule mzee wa kupokea majina akaniuliza mbona nimepotea miaka yote hii. Nikamwambia fimbo yangu iliazimwa.

Kwa hiyo fimbo haitarudi huko. Redioni nenda au usiende, hilo ni lako na mdomo wako. Nunua nyingine dukani, zimejaa, zina hesi za chuma, hazimtaki mtu awe na dada. Nayo itahitaji kutunzwa, na huko unyevu ni ule ule. Ukikwama, niandikie. Nitakujibu ukweli, kama kawaida.

Dada yako,
Mashoto